Msiichemshe Sukuma Hadi Ife

Mama mboga wa mtaani kwetu hukata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, kisu kikienda mbio huku yeye akipiga gumzo na mteja mwingine. Kosa huanza jikoni. Nilikulia katika nyumba ambamo mboga ilichemshwa kwa magadi nusu saa, maji ya kijani yakamwagwa, na kilichobaki tukaambiwa ni chakula.

Maji yale yaliondoka na sehemu ya vitamini C, na magadi yalikuwa yameiharibu nyingine. Sukuma, kabeji, brokoli na koliflawa ni ndugu wa mmea mmoja, na harufu yao kali hutokana na kemikali zenye salfa. Jani likikatwa, kimeng'enya kilichomo huzigeuza kuwa vitu kama sulforafeni, iliyo nyingi kwenye brokoli, ambayo wanasayansi wanaichunguza kuhusu saratani. (Wanaichunguza, nimesema. Anayekuuzia kabeji kama dawa ya saratani ni tapeli.) Moto mwingi hukiua kimeng'enya hicho.

Kwa hiyo mimi huosha majani kabla ya kukata, kisha nikishaikata huiacha mboga itulie kama dakika 10 ili kimeng'enya kifanye kazi kabla ya moto. Kitunguu, nyanya, kisha mboga. Dakika 4 naepua, ingali kijani na inalia menoni. Mama bado huiita mbichi.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga hizi ghafla bila kumwuliza daktari. Zina vitamini K nyingi, inayopingana na dawa hiyo. Nyinyi wengine, magadi yaachieni githeri.