Kisu cha bibi hakiuzwi

Mwandishi wa makala haya ya visu amemsifu mhunzi, sawa, lakini amemruka mwenye kisu. Huku Kirumba, Mwanza, ukitaka kujua umri wa kisu usitazame mpini, maana mpini hubadilishwa. Tazama bapa. Cha bibi yetu mzaa mama kilifuliwa kwa springi ya gari, kipana kabisa. Leo ni chembamba, kimelika kwa kunolewa kwenye jiwe la uani. Mawe Mwanza hayajawahi kutupungukia.

Kilianza na furu na sato. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alipozagaa miaka ya 1980, kikahamia kwake: kupasua tumbo, kutoa bondo, yaani kibofu cha hewa, bila kulitoboa. Hapo ndipo unapomjua mwenye mkono. Viwanda vya minofu vilipokuja miaka ya 1990, mama zangu wadogo wakaajiriwa na kupewa visu vya mpini wa plastiki, kwa sababu mti hunywa maji na kuficha uchafu. Utaratibu mzuri, sibishi. Ila wakirudi jioni, samaki wa nyumbani alipasuliwa kwa kile kile cha mpini wa mti.

Na wanaosema haya ni mapenzi ya kizee wakumbuke kwamba kule Uzinza, Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe, nasi Wasukuma tukayatolea mahari. Chuma kilikuwa mali ya ukoo zamani sana.

Kaka na mama mdogo bado wanabishania nani akirithi. Kwa sasa kiko kwangu, na naomba wasipite hapa kusoma.