Fungu la Dhahabu kwa Vyama vya Taaluma

Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na Nyasubi mjini Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 ukafungwa mwaka 2021. Wananchi wa ukanda huu, kuanzia Kahama hadi Geita, hawana budi kujiuliza: dhahabu inapokwisha, ni kitu gani kinachobaki mikononi mwa wenye nchi?

Barabara, zahanati na madarasa ni majibu ya haki, wala hapana mwenye akili timamu atakayeyabeza. Lakini ipo mali nyingine isiyochimbwa kwa mtambo: historia ya Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, lugha zao, taratibu za utemi, na ufundi wa Warongo wa kuyeyusha chuma. Wazee wenye ujuzi huo wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka huondoka na maktaba nzima.

Kazi ya kuukusanya ujuzi wa namna hiyo ni ya vyama vya taaluma. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilipoanza mwaka 1936, lilikuwa jukwaa la maofisa wa kikoloni na wenzao. Mwananchi alikuwa mtu wa kuandikwa, si wa kuandika. Chama cha Historia Tanzania kiliigeuza hali hiyo. Mwaka 1969 kilitoa kitabu cha historia ya nchi kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu, na Mtanzania akajisomea habari zake kwa kalamu ya Mtanzania mwenzake.

Nia hiyo njema imekwamishwa na fedha. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, uligharimiwa na Sweden. Ni katika mradi huo ulipotoka, mwaka 2008, msamiati wa Kisumbwa ulioandikwa na Profesa Kulikoyela Kahigi. Mfadhili anastahili shukrani. Hata hivyo, ni jambo la kutafakari kwamba maneno ya watu wanaoishi juu ya dhahabu yalihifadhiwa kwa fedha za ughaibuni. Huko si kujitegemea.

Njia ipo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Yafaa halmashauri za Shinyanga na Geita zitenge humo fungu dogo la utafiti wa eneo hili, nalo lishindaniwe na vyama vya taaluma. Utaratibu huo si mgeni: Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, huwashindanisha watafiti kwa ubora wa maandiko yao.

Ushindani ni kinga dhidi ya kugawana kwa kujuana. Lakini mwenye gari na mwenda kwa miguu wakishindanishwa kwa saa moja, hayo si mashindano, ni dhihaka. Chama chenye ofisi na makatibu Dar es Salaam kitamshinda siku zote mwalimu wa Nyasubi anayewahoji wazee jioni baada ya kusahihisha madaftari. Kwa hiyo tangazo litolewe kwa Kiswahili. Waamuzi wasiwe wanachama wa vyama vinavyoshindana. Sehemu ya fungu iwe ya vyama vya wilayani peke yake. Na kila matokeo yarudi katika shule za eneo, yasiishie kabatini.

Watakuwapo watakaosema kwamba hospitali itangulie. Ni kweli, itangulie. Fungu linalosemwa hapa halitaizuia hata kitanda kimoja. Hospitali inaweza kujengwa mwakani. Mzee aliyezikwa mwaka huu hahojiwi tena. Halmashauri zisingoje mgodi mwingine ufungwe ndipo zianze kuhesabu kilichopotea.