FARDC: mafunzo ya msingi yakiisha, askari mpya aende shule au aende vitani?

Tarehe 3 Novemba 2022, siku chache baada ya waasi wa M23 kuteka Kiwanja na Rutshuru-kati, Rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa na kuwaomba vijana wajiunge na jeshi. Huku Mashariki vijana wengi waliitika, wakapanga mistari kwenda kuandikishwa. Kwa waliochaguliwa, safari ilikuwa ndefu: vituo vikubwa vya mafunzo, kama Kitona karibu na bahari ya Atlantiki na Kamina kule Haut-Lomami, viko mbali sana na Kivu. Familia zikaanza kuhesabu miezi.

Wakati ule watu walizungumza sana juu ya idadi ya vijana watakaoingia jeshini. Swali lenye uzito zaidi halikusikika sana: mafunzo ya msingi yakimalizika, kijana huyo anakwenda wapi? Anaingia shule ya pili kujifunza kazi yake hasa, au anapewa bunduki na kupelekwa moja kwa moja kwenye mstari wa mbele?

Hatua mbili tofauti

Mafunzo ya msingi, ambayo katika FARDC kwa kawaida hupangwa kwa karibu miezi sita, humgeuza raia kuwa askari. Anajifunza gwaride, kutii amri, kutunza silaha, kupiga risasi, kulala msituni na kujua sheria za jeshi. Siku ya kufunga mafunzo, akipita mbele ya wakubwa kwa sare mpya, raia tunamwona amekamilika. Kwa kweli ndipo anaanza.

Hatua ya pili humpa kazi maalum. Mmoja anajifunza mizinga: kusoma ramani, kupima umbali, kurekebisha shabaha kwa maelekezo ya mwenzake aliye mbele. Mwingine anajifunza redio, mwingine kutibu majeruhi kabla hawajafika hospitali, mwingine kutegua mabomu, mwingine ukomando. Wenye masomo ya juu wanaweza kuelekea Kananga, kwenye chuo cha maofisa. Kisha wote wanapaswa kufanya mazoezi pamoja kama kikosi kimoja, chini ya makomanda wale wale watakaowaongoza vitani. Bila hayo, batalioni ni orodha ya majina tu. Inakuwa kikosi pale mwenye redio, mwenye mzinga na muuguzi wanapozoeana hadi kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini risasi zikianza.

Kuizoea shule hiyo ya pili kuna ugumu wake. Kijana anabadili kambi tena, anaachana na wenzake wa kwanza, anakutana na wakufunzi wengine. Kijana wa Beni aliyekulia kwenye Kinande na Kiswahili anapewa amri kwa Kilingala, lugha ya jeshi tangu enzi ya Force publique ya wakoloni, na masomo ya maandishi ni kwa Kifaransa. Katika gwaride aliweza kumtazama aliye mbele yake na kumwiga. Katika hesabu za mzinga hawezi kuiga: akikosea kipimo kidogo, bomu linaangukia kijiji. Ndiyo maana hatua hii inahitaji muda, na vita vya Mashariki havijawahi kutupatia muda.

Tuliyokwisha kuyaona

Baada ya makubaliano ya amani ya Sun City, jeshi jipya liliundwa kwa njia ya brasaji: wapiganaji wa makundi yaliyokuwa maadui walichanganywa katika brigedi moja na kufundishwa kwa takriban siku 45. Brigedi hizo zilipelekwa haraka kwenye vita. Wakaaji wa Masisi na Rutshuru wanakumbuka jinsi wanajeshi walivyorudi nyuma mbele ya CNDP ya Laurent Nkunda mwaka 2007 na 2008.

Mfano wa pili unaumiza zaidi, kwa sababu safari hii shule ya pili ilikuwepo. Mwaka 2010, wakufunzi wa Marekani walifundisha batalioni ya 391 ya makomando huko Kisangani, karibu askari 750, kwa miezi kadhaa. Novemba 2012 M23 iliteka Goma, na wanajeshi waliokuwa wakirudi nyuma walifika Minova, katika eneo la Kalehe. Wanawake na wasichana wengi walibakwa huko. Umoja wa Mataifa uliitaja batalioni ya 391 kati ya vikosi vilivyohusika. Katika kesi iliyofanyika Goma, washtakiwa walikuwa 39. Hukumu ilipotoka Mei 2014, wawili tu walipatikana na kosa la ubakaji.

Mwaka 2013 mambo yalikwenda tofauti. Vikosi vilivyopata mafunzo ya ziada, wakiwemo makomando wa batalioni ya 42 chini ya Kanali Mamadou Ndala, vililetwa mbele ya Goma vikiwa na makomanda wao. Brigedi ya MONUSCO yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi iliwaunga mkono. Shinikizo la kidiplomasia juu ya Rwanda nalo lilisaidia. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, M23 ilitangaza kuacha vita.

Ukiiweka mifano hii mitatu pamoja, somo linaonekana. Bila shule ya pili, kikosi huvunjika mapema. Lakini shule peke yake haitoshi: askari aliyefundishwa vizuri, akikosa chakula, mshahara na komanda anayewajibika, anaweza kuwa hatari kwa raia aliyetumwa kuwalinda.

Leo hii

Julai 2023, Umoja wa Ulaya ulitenga euro milioni 20 kwa ajili ya brigedi ya 31 ya kuingilia haraka, yenye makao Kindu, katika jimbo la Maniema, ambako wakufunzi wa Ubelgiji wamekuwa wakifanya kazi. Ni njia nzuri: kikosi kimoja, kambi moja, makomanda wanaojulikana. Lakini brigedi moja haiwezi kushika mstari wa vita unaopita Lubero, Walikale, Masisi na Kivu Kusini.

Njia nyingine ilikuwa kukodi watu. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipoanguka, karibu Waromania 300 waliokuwa wameajiriwa kusaidia upande wa serikali walivuka mpaka kuingia Rwanda ili kurudi kwao. Mtaalamu wa kukodi akiondoka, anaondoka na ujuzi wake. Mkufunzi Mkongomani aliyefundishwa vizuri hubaki, na kila mwaka hufundisha wengine.

Na kuna maisha ya watu ndani ya swali hili. Machi 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo. Mwanzoni mwa Julai mwaka huo, siku chache baada ya Kanyabayonga kuanguka, mahakama ya kijeshi huko Butembo ilihukumu askari 25 adhabu ya kifo kwa kosa la kukimbia adui. Mahakama huhukumu kitendo. Raia nao tuna haki ya kuuliza swali linalotangulia kitendo: askari anayepelekwa mbele ya adui mwenye silaha nzito alifundishwa nini, kwa miezi mingapi, na nani alitia sahihi kwamba yuko tayari? Komanda anayepeleka kikosi kisicho tayari naye awe na la kujibu.

Swali hilo linawahusu Wazalendo pia. Tangu sheria ya 2023 juu ya jeshi la akiba, wengi wao wanatarajia kutambuliwa na taifa. Wana ujuzi wa milima na misitu yao, lakini wengi hawajapita hata hatua ya kwanza. Kuwavika sare bila kuwafundisha kutaturudisha kwenye brasaji ya siku 45.

Wabunge wetu katika kamati ya ulinzi na usalama wanaweza kuanza na maswali matatu. Kati ya vijana walioandikishwa tangu Novemba 2022, ni sehemu gani walipata mafunzo ya kazi maalum? Waliofundishwa pamoja wanabaki pamoja, au wanatawanywa kujaza mapengo? Na nyongeza ya mshahara iliyotangazwa Machi 2025 inamfikia askari wa mwisho, mwenye matrikili mpya, akiwa bado kambini? Majibu hayo hayafichui siri ya vita.

Kwa mama wa Butembo au Uvira ambaye simu inalia usiku na mwanawe anamwambia «nimemaliza mafunzo», furaha ni ya haki. Baada ya kumpongeza, amwulize pia ni mafunzo gani amemaliza. Jibu la kijana huyo litamwambia mengi kuhusu nafasi ya kumwona tena.