Skauti Isiishie Langoni

Mwaka huu ni wa mwisho kwangu hapa shuleni, na kabla sijaondoka nataka kutoa maoni machache juu ya chama chetu cha Skauti. Kila mkutano twaulizana: Tufanye nini ili chama kikue? Na kila mara jibu ni lile lile: Tuandikishe wengi zaidi. Mimi naona jibu hilo halitoshi.

Nasema hivyo kwa sababu daftari la majina lilikuwa mikononi mwangu. Muhula wa kwanza wa mwaka jana tuliandika vijana 64. Siku ya kambi walikuja 41. Muhula wa tatu, kambi zilipokwisha, waliofika mkutanoni hawakuzidi 13. Je, chama kilikua au kilipungua? Daftarini kilikua, uwanjani kilipungua. Kuongeza maji katika mtungi uliotoboka si kuujaza.

Tundu la mtungi wetu liko langoni mwa shule. Nitatoa mfano mmoja tu. Nilikuwa na rafiki, mwenyeji wa Bwera kama mimi. Kwa kufunga mafundo na kutengeneza machela hakuna aliyemshinda. Kisha karo ikamshinda baba yake, naye akarudi nyumbani. Wakati wa likizo nilimkuta Mpondwe, mpakani mwa Kongo, siku ya soko, akisukuma mizigo ya watu kwa mkokoteni. Akaniuliza, "Ndugu yangu, naweza kuja kambini?" Nami, niliyekuwa kiongozi wa kikundi chake, nikamjibu kwamba Skauti yetu ni ya wanafunzi tu. Hakubisha. Aliinama, akashika mkokoteni wake, akaenda zake. Jibu lile laniuma hata leo, maana tulipotoa ahadi ya kusaidia watu, hapana aliyetuambia kuwa ahadi hiyo hukoma siku karo inapokosekana.

Tena, mwanzo wa Skauti haukuwa hivyo. Mwaka 1907 Baden-Powell alipofanya kambi ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, alichukua vijana 20 hivi tu. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri kutoka shule kubwa, na wengine watoto wa wafanyakazi wa miji ya karibu. Aliwachanganya katika vikundi vinne, kila kikundi na kiongozi wake kijana, wakala pamoja na kulala pamoja. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1915, Skauti ilikuwa imekwisha kufika Uganda. Basi, kilichoenea upesi namna hiyo kilianza na vijana wachache, na hawakubaguliwa.

Na kazi hazikosekani kwetu. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukateremka kutoka mlimani na mawe makubwa, ukaharibu nyumba za watu na hospitali ya Kilembe. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo, na mgonjwa wa kwanza, mtoto wa miaka mitano, alitibiwa katika hospitali ya Bwera. Wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Nawakumbuka watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliosimama Mpondwe wakipima joto la wasafiri na kuwanawisha mikono. Mafuriko na maradhi hayaulizi nani mwanafunzi na nani si mwanafunzi. Yafaa nasi tusiulize.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

Kwanza, kila likizo maskauti wa Kasese wakutane Kasese, na wa Bwera wakutane Bwera, pamoja na wenzao walioacha shule. Wagawanyike vikundi vya vijana sita hadi wanane. Katika kundi kubwa mtu hujificha. Katika kikundi kidogo asipofika huulizwa.

Pili, kila kikundi kichague kazi moja ya mwaka mzima, kwa ruhusa ya wakubwa wa mahali. Wa Kasese wapande mianzi na miti kando ya Nyamwamba, na warudi kuipalilia, kwani kupanda ni kazi ya siku moja lakini kutunza ni kazi ya miaka. Wa Bwera waweke maji na sabuni sokoni, na wajifunze huduma ya kwanza. Chama kikifanya kazi ambayo jirani angeikosa kama ingeachwa, hakitahitaji kubembeleza watu wajiunge.

Tatu, asiye na ada asifukuzwe. Ada yake iwe kazi yake. Na fedha zote zisomwe mbele ya wanachama kila mwisho wa muhula, hata kama ni shilingi mia tano. Fedha zikifichwa, imani hupotea.

Wako watakaosema kuwa vijana wa nje wataharibu nidhamu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mikutano hiyo itakuwa nje ya shule, chini ya mtu mzima anayejulikana, na sheria ya Skauti ni moja kwa wote. Isitoshe, kijana asiyepata kundi jema hupata kundi lolote, na sisi wa mpakani twajua jambo hilo ni hatari kiasi gani.

Nanyi wakubwa wetu mliokwisha kuondoka hapa shuleni, hatuwaombi fedha tu. Kati yenu wamo wauguzi, mafundi, walimu na wakulima. Mkitupa Jumamosi moja kila likizo mkatufundisha kazi zenu, mtakuwa mmetupa zaidi ya mahema.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ni lazima mmoja aanze, nami nitaanza kwa kulipa deni langu. Likizo hii nitakwenda Mpondwe kumwomba radhi rafiki yangu, na kumwomba atufundishe kutengeneza machela. Nani atafuatana nami?