Mchungaji, Meli na Robota la Pamba

Ukitaja mpelelezi mweusi wa New York, bweni zima litakujibu Shaft. Sawa, jamaa mkali, na muziki wake mtamu. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1970, Ossie Davis aliongoza Cotton Comes to Harlem, filamu ambayo siku hizi haitajwi kabisa hapa chuoni. Mimi naona ndiyo ilipaswa kutangulia.

Mchungaji Deke O'Malley anapanda jukwaani Harlem kuuza ndoto: lipa, jina liandikwe, meli ikurudishe Afrika. Watu wa kawaida wanachanga dola 87,000. Mara majambazi wenye vinyago wanazipora mchana kweupe, na pesa zinapotelea ndani ya robota la pamba. Wapelelezi wawili weusi, Grave Digger na Coffin Ed, wanalisaka mtaa kwa mtaa. Kuna mzee mwokota makopo anayeliona kabla yao; ya kwake sisemi, nitawaharibia utamu.

Kinachonivutia ni kwamba wapelelezi hawa hawamwamini Deke tangu mwanzo. Waumini wake wanakasirika: mbona mnamwandama ndugu yetu? Na hasira hiyo ina mizizi. Marcus Garvey aliwahi kuanzisha kampuni ya meli, Black Star Line, mwaka 1919, weusi wa kipato cha chini wakanunua hisa. Kampuni ilianguka, naye mwaka 1923 akatiwa hatiani kwa utapeli wa kutumia posta, kesi ambayo wengi mpaka leo wanaiona ya kisiasa. Deke anajua jeraha hilo, analitumia kama mtaji. Davis hawacheki waliolipa. Anamcheka aliyepokea. Hapo ndipo ilipo heshima ya filamu hii.

Haina maana kwamba haina dosari. Wanawake wamepewa nafasi finyu, na kufukuzana kwa magari kunachosha.

Aliyeandika riwaya yake, Chester Himes, alianza uandishi akiwa gerezani Ohio, baadaye akahamia Ufaransa. Huko mhariri wa Série noire, mfululizo wa vitabu vya uhalifu vya bei chee, akamshawishi aandike upelelezi. Yaani hizo ni riwaya pendwa, zile zile ambazo darasani tunapitishwa haraka haraka kana kwamba Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ni wa kusoma kwenye basi tu. Jamani, kuna mhadhara gani uliowahi kueleza tapeli anavyovaa joho la ukombozi vizuri kuliko hadithi hii ya kukimbizana na pamba?

Maana Deke yupo hapa. Kila bumu likikaribia linaibuka kundi la WhatsApp: weka laki, chukua laki tatu, vijana tujikomboe. Ukiuliza pesa inazalishwa wapi, unaitwa adui wa maendeleo. Anayekusanya si mgeni, ni mwenzetu, tunakula naye kantini, na ndiyo maana hakuna anayedai risiti.

Kwa hiyo ombi langu kwa klabu ya filamu ni dogo. Ukumbi upo, projekta ipo. Tupeni Ijumaa moja, ila iwe kabla bumu halijaingia.