Fahali Hasafiri, Kwa Nini Askari Mzee Asafiri?

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye shamba, ng'ombe wako akitaka fahali humpakii katika lori kumpeleka Kabete. Kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, na tangu hapo ni mbegu inayosafiri, siyo mnyama. Wewe humwita mtu wa kupandisha, ukamwambia ng'ombe alianza kulia saa ngapi. Naye huja na mtungi wake wa baridi, hufanya kazi yake, kisha huandika kadi. Bila mtu huyo na bila kadi hiyo, fahali wa Kabete hakufai kitu, hata akiwa bora namna gani.

Nataka tuwafikirie kwa njia hiyo hiyo askari wastaafu wanaoishi kati yetu katika skimu.

Jirani yangu hapa upande wa Ol Kalou alilitumikia jeshi zaidi ya miaka ishirini. Ana presha, ana sukari, na goti lake la kushoto halikunjiki vema. Mwaka jana nilimsindikiza Nairobi. Tuliondoka saa kumi usiku, tukashuka Nyamakima, naye akataka kwanza tupitie Kenyatta Avenue, penye sanamu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Alisimama pale akiegemea fimbo yake, akaguna, akasema, "Hawa angalau hawapangi foleni." Kisha tukaenda kupanda gari la Ngong Road.

Hospitali tuliyofikia sitaitaja. Tulingoja mpaka saa nane mchana. Daktari alimwona kwa dakika kumi hivi: akampima presha, akamwuliza anakunywa dawa gani. Mzee hakuyakumbuka majina, na karatasi zake zilikuwa nyumbani ndani ya sanduku. Akaambiwa arudi baada ya mwezi mmoja, aje nazo. Nauli ya watu wawili, chakula, na kitanda cha usiku mmoja vilimaliza fedha ya maziwa ya majuma mawili. Sikumlaumu daktari. Angefanya nini na mgonjwa asiye na habari zake?

Lakini niliporudi nilijiuliza, katika yote yaliyofanyika siku ile, ni lipi lisiloweza kufanyika katika dispensari yetu, kwa simu?

Tena habari hii si ngeni kwetu. Madaktari wa ndege walianza kazi mwaka 1957, Bwana Michael Wood akiwa mmoja wa waanzilishi, na makao yao yako uwanja wa Wilson. Katika miaka ya 1960 walikuwa wakisema kwa simu ya upepo na vituo vya misheni vilivyo mbali. Muuguzi wa kule alieleza hali ya mgonjwa, na daktari aliye Nairobi akajibu: mpe dawa hii, au mngoje, ndege inakuja. Angalia vema, msomaji. Simu ile ilifaa kwa sababu upande wa mgonjwa palikuwa na mtu aliyejua kupima na kueleza, na upande wa Nairobi palikuwa na mtu aliyekaa kuisikiliza.

Siku hizi sheria tunazo. Mwaka 2022 ilipatikana sheria ya askari wastaafu. Mwaka 2023 ikaja sheria ya afya ya kidijitali, ambayo inaitambua tiba ya mbali. Mwaka huo huo wahudumu wa afya wa vijijini walipewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Marekani nao waliwaruhusu madaktari wa askari wastaafu, mwaka 2018, kumtibu kwa simu na video mgonjwa aliye jimbo lolote. Vyombo basi si haba. Kinachokosekana kwetu ni yule mtu wa kati na kadi yake.

Wazee wengine husema daktari asiyekugusa si daktari. Wana haki kwa kiasi chao. Kifua kikibana ghafula, jeraha likioza, mguu ukifa ganzi, usipige domo kwa simu. Mpeleke hospitali upesi. Lakini presha, sukari na kubadilishiwa dawa hutaka vipimo vilivyoandikwa siku kwa siku, wala si safari.

Kuna na ugonjwa mwingine, ambao hatupendi kuutaja. Tangu mwaka 2011 vijana wetu wamepigana Somalia, na baadhi yao sasa wamestaafu nao wanalima karibu nawe. Yuko asiyelala usiku. Yuko anayewapigia watoto kelele bila sababu. Kwake yeye mazungumzo yenyewe ni dawa. Walakini ukimweka kwenye benchi la dispensari azungumze na daktari wa Nairobi huku majirani wanasikia, atajibu "mzima tu," na simu itakatwa. Huyo anahitaji chumba chenye mlango. Kwa maoni yangu mlango huo ununuliwe kabla ya televisheni kubwa za kuonea daktari.

Basi, katika mkutano ujao wa kamati ya dispensari yako, omba muuguzi mmoja atajwe kwa jina, na siku moja ya juma iwekwe kwa ajili ya simu hizi. Omba hospitali ya Nairobi nayo itaje karani mmoja wa kupokea vipimo na kuvifikisha kwa daktari yule yule kila mara. Nyumbani, mwandikie mzee wako daftari: namba yake ya jeshi, namba ya bima ya SHA, majina ya dawa kama yalivyo juu ya pakiti, na vipimo pamoja na tarehe zake.

Jirani yangu sasa anayo daftari ya namna hiyo. Mhudumu wa afya humpima kila Jumatatu, na binti yake huandika. Kurasa tisa zimejaa. Upande wa Nairobi bado hatujampata mtu wa kuzipokea, kwa hiyo mwezi ujao tutaondoka tena saa kumi usiku, yeye na fimbo yake, mimi na daftari.