Kabla ya kununua kipozeo cha kompyuta, pima joto kwanza

Juni na Julai hapa Arusha watu wanalala na mablanketi mawili. Ndiyo miezi hiyo hiyo wazazi huuliza: inakuwaje kompyuta ya nyumbani ichemke hadi kujizima wakati sisi wenyewe tunatetemeka? Kijana yuko likizo, anahariri video za harusi ili apate hela ya matumizi chuoni, na sasa anaomba anunuliwe kipozeo kikubwa kama alichokiona YouTube. Baba anasema huyo anataka michezo tu. Mama ndiye mwenye akiba ya kikoba, na ndiye anayesubiriwa atoe uamuzi.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Mitaani boksi lote la kompyuta ya mezani tunaliita CPU, lakini CPU yenyewe, yaani prosesa, ni kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Juu yake kumekaa kipozeo: chuma chenye mapezi membamba, pamoja na feni. Kati ya prosesa na chuma hupakwa pesti nyembamba inayopitisha joto. Joto linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye chuma, na feni inalipuliza nje. Njia hiyo ikiziba, prosesa itachemka hata kama unaishi kwenye baridi ya Ilboru.

Na kwetu inaziba haraka. Udongo wa kandokando ya Meru ni wa volkano, laini kama unga, na kiangazi vumbi lake huingia kila mahali, hasa mitaa ambayo barabara zake hazijawekwa lami. Feni inalivuta, nalo linajikusanya kwenye mapezi hadi linakuwa kama blanketi. Ongeza na mazoea yetu ya kuweka boksi sakafuni juu ya zulia, kisha kulifunika kwa kitambaa cha kufuma ili lipendeze. Kitambaa kikiziba matundu ya hewa, feni inazungusha joto lile lile.

Kwa hiyo, mzazi, usitoe hela ya kipozeo kabla ya kuona namba. Mwambie kijana aweke programu ya bure kama Core Temp au HWMonitor, aanze kazi yake ya video, na baada ya nusu saa mkae pamoja msome joto la prosesa. Likiwa kati ya nyuzi 60 na 80, hakuna tatizo la kutumia hela. Likipita 90 na kuikaribia 100, prosesa nyingi hujipunguza kasi zenyewe, na likizidi mashine hujizima ili isiungue. Kijana wenu amesema kweli. Lakini kama mashine inazima ghafla huku namba inasoma 55, kipozeo hakitasaidia. Hapo fundi akague pawa saplai, au umeme wenu unaopanda na kushuka.

Kama joto ni kubwa, anzeni na hatua za bei ndogo. Zimeni mashine, chomoeni waya ukutani, fungueni boksi nje ya nyumba. Tumieni brashi laini na blowa, lakini feni ishikwe kwa kidole isizunguke, maana kuizungusha kwa upepo mkali kunaweza kuiharibu. Kitambaa chenye maji kisiguse humo ndani. Kisha pimeni tena.

Ikiwa bado, pesti ibadilishwe. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua zimeshafanya kazi ofisini miaka mingi, na pesti yake imekauka kama matope ya juzi. Ile ya zamani ifutwe vizuri kwa spiriti, mpya iwekwe kidogo tu, kiasi cha punje ya njegere. Kopo dogo la pesti ni bei ndogo sana ukilinganisha na kipozeo kipya, na fundi wa kawaida hamalizi saa moja.

Familia nyingi zitaishia hapo. Kama namba bado iko juu, au feni imekufa, sasa kununua ni haki. Ila maswali manne yajibiwe kwenye karatasi kabla hela haijatoka.

Kwanza, soketi. Vipozeo hufungwa kwa matundu manne kwenye mazabodi, na matundu hayalingani. Intel za soketi 1155, 1150, 1151 na 1200 zina nafasi ya milimita 75 kati ya tundu na tundu, lakini 1700 iliyotoka mwaka 2021 ina milimita 78. AMD nao wana mpangilio wao.

Pili, urefu. Cooler Master Hyper 212 EVO, inayosifiwa sana, ina urefu wa milimita 159 hivi. Dell OptiPlex zile nyembamba, boksi lake lote halifiki upana wa sentimita 10. Hicho kipozeo hakitaingia hata mkikilazimisha.

Tatu, plagi ya feni. Feni za madukani nyingi zina pini 4, ila baadhi ya Dell na HP za ofisini zina plagi zao wenyewe. Ukichomeka isiyo yake, mashine inaweza kulalamika kila ikiwashwa kwamba feni haipo.

Nne, wati. Core i5-4590 imekadiriwa wati 84. Minara mikubwa ya kwenye video imelengwa prosesa kama Core i9-13900K, ambayo hufika wati 253. Kwa mashine ya nyumbani, kipozeo cha kawaida chenye feni moja kinatosha. Taa za rangi hazipozi kitu, na mfumo wa maji unaongeza pampu inayoweza kufa.

Sisi wa huku tuna nafuu moja. Hewa yetu, mita 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi kidogo na hubeba joto pungufu, lakini chumba cha nyuzi 20 dhidi ya 32 za Dar es Salaam kinaipa prosesa nafuu kubwa zaidi.

Ukiagiza kwa basi kutoka Kariakoo, mpigie muuzaji picha ya mazabodi na vipimo vya boksi, na uulize kama vyuma vyote vya kufungia vimo. Kipozeo cha mtumba kilichopoteza vyuma vyake hakina kazi, na nauli ya kukirudisha itatoka kwenye kikoba kile kile.

Baba naye akae hapo namba zinaposomwa. Kijana aliyeleta vipimo vyake kwenye karatasi hajaomba mchezo, ameomba kitendea kazi, na astahili kujibiwa hivyo. Akipewa hela, apewe na ratiba: boksi lifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miezi mitatu, na kile kitambaa cha kufuma kihamie kwenye kochi.